Mbuyu ulioanguka bila upepo

Mbuyu wa kwa bibi ulianguka nikiwa darasa la tano, na siku hiyo hakukuwa na upepo hata wa kutikisa khanga kwenye kamba. Hiki kitu nimekuwa nikikisema miaka yote kila nikikutana na shairi lenye mbuyu, nakisema kwa kiburi kidogo, kama mtu aliyewahi kupanga nyumba moja na mtu maarufu. Nyie mnausoma kwenye karatasi, mimi nimeuona umelala.

Ngoja nielezee vizuri. Kwetu ni Dodoma vijijini, ukishuka kwenye gari barabara kubwa unatembea tena kama masaa mawili hivi, nchi kavu, vichaka vya miiba, mibuyu imesimama mmoja huku mmoja kule kama wazee waliogombea shamba na hawataki kukaa karibu. Huo wa kwa bibi sisi wajukuu sita tukishikana mikono hatuumalizi kuuzunguka. Majani yake tulikula mboga, ubuyu tulimumunya mpaka meno yakawa na ganzi, magome bibi alichuna akasokota kamba za kufungia ndama, na mvua zikichelewa wazee walikuja kukaa chini yake wakafanya mambo yao sisi watoto tukifukuzwa. Ndani ulikuwa na uwazi na humo waliishi nyuki, tulikatazwa kuingia kwasababu ya nyuki na kwasababu nyingine ambazo watu wazima hawakuzitaja.

Basi asubuhi moja tunaamka, mbuyu haupo. Haukupiga kelele, labda kishindo kidogo usiku ambacho kila mtu alidhani ni cha jirani. Ulikuwa umekaa chini, umejikunja wenyewe kwa wenyewe kama mtu aliyeishiwa magoti. Tukakimbia kuangalia, nilitegemea kukuta gogo, kitu kigumu, kumbe ni nyuzi. Yaani mti mzima ule ndani ni nyuzi nyuzi zilizolowa, zinatoka tabaka kwa tabaka kama daftari lililonyeshewa, ukiminya maji yanachuruzika, harufu kama maziwa yaliyochacha. Mbuzi hawakuuliza mara mbili wakaanza kula. Na mvua za mwaka huo zilivyokuja hazikuisha kabla mbuyu wenyewe haujaisha, likabaki duara la udongo mweusi bibi akapanda maboga. Nilimuuliza bibi nani kauangusha. Akanijibu, "Haukuangushwa. Ulishakufa siku nyingi, ulikuwa unasimama kwa mazoea tu."

Nimelibeba neno hilo tangu hapo, na ndilo lililoniponza.

Mwaka 2009 niko kidato cha tano, mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, shule ya bweni mbali na nyumbani, tunasoma diwani ya Kimbunga ya Haji Gora Haji, yule mshairi wa Tumbatu, kitabu walichochapa TUKI mwaka 1994. Kama hujasoma lile shairi lenyewe lililobeba jina la kitabu nitakueleza kwa ufupi: kuna kimbunga kimepiga mji wa Siyu, kimeng'oa mibuyu lakini minazi imenusurika. Alafu kinachofuata ni vitu vya ajabu ajabu, chura kaukausha mto, usufi, ile pamba nyepesi ya kujazia mito, nusu kipeto tu umevunja rikwama, yaani mkokoteni, na kila ubeti unaishia palepale, kwamba nyoyo za watu zilifadhaika.

Mwalimu wetu aliingia na chaki akachora jedwali. Kushoto "taswira", kulia "maana". Kimbunga ni mapinduzi. Mbuyu ni watawala, wenye nguvu. Mnazi ni wanyonge, kwasababu mnazi hujua kuinama upepo ukipita. Chura ni mtu mdogo mwenye tamaa. Tukanakili. Dakika arobaini shairi limeisha, tumehamia kwenye lingine, na kama ulikuwa umekwenda chooni umekosa mji wa Siyu wote.

Mimi nikanyoosha mkono. Nikasema mwalimu, mbuyu sio mti mgumu, mbuyu ndani ni maji, ukioza unajiangukia wenyewe hata bila upepo. Darasa likacheka. Mwalimu nae akacheka, hakuwa mtu mbaya kusema kweli, akasema, "Binti, hapa tunajibu mtihani, hatulimi." Wiki mbili baadae kwenye jaribio nikaandika ya kwangu, ukurasa na nusu, mbuyu wa bibi na mbuzi na kila kitu, nikapata maksi nne kati ya ishirini na kwa wino mwekundu kaandika "zingatia notsi". Kwenye mtihani wa mwisho sikurudia ujinga huo. Nikalitapika jedwali lote kama lilivyo, nikafaulu vizuri tu.

Lakini moyoni niliendelea kuamini kwamba mimi ndo nimelielewa shairi na wale wengine wamekariri. Na tafsiri yangu ilikuwa tamu, hebu ione: watawala waling'oka kirahisi kwasababu walikuwa wameoza ndani, wamesimama kwa mazoea, kimbunga kilikuja tu kusukuma kilichokwisha kufa. Inaingiaje! Na lugha yenyewe ya mtaani inanisaidia, si tunasema hata mbuyu ulianza kama mchicha, na mtu akitaka kupokea kitu kidogo si anakwambia tuzunguke mbuyu. Mti mnene wa kujificha nyuma yake, uwazi ndani, nyuki, siri. Niliwahi kumsimulia hadi abiria mwenzangu kwenye basi la Dodoma, kalala mimi naendelea.

Chuo ndo kilizidi kunivimbisha kichwa. Mwaka wa pili tulikuwa na kozi ya ushairi wa kale tukasoma Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa huko Lamu, wa mwanzoni mwa karne ya 19, na kwa mtoto wa bara kile Kiamu ni kazi, "mai" ndio maji, "yua" ndio jua, mnasoma ubeti mmoja nusu saa. Humo mshairi anaukanya moyo wake mwenyewe usiipende dunia, anaifananisha dunia na vitu kimoja baada ya kingine. Dunia ni bahari yenye mawimbi, matumbawe tele. Dunia ni vumbi unaloliona kwenye mwali wa jua unaopenya ndani, ukilishika hushiki kitu. Dunia ni mazigazi, mwenye kiu anayakimbilia akidhani maji. Na katikati ya hayo kuna kisima kisicho na kingo, ambapo mwana wa ng'ombe anampiga pembe kila anayesogea kunywa, mtu haambulii hata tone.

Kwenye bahari mimi nilikuwa mgeni kabisa. Nilikuwa sijaiona bahari zaidi ya ile ya Dar unayoichungulia ukipita Ocean Road. Kulikuwa na mwenzetu mmoja wa Pemba, kaka mkimya, alivyosoma neno matumbawe akavuta pumzi kwa meno kama mtu aliyekanyaga kitu, akasema baba yake chombo kilipasuka hivohivo, unaona maji ya kijani mazuri kumbe jiwe liko mkono mmoja chini. Hakufafanua zaidi na hakuna aliyemuomba afafanue. Mimi nikaona wivu, ubeti ule ulikuwa wake.

Tukafika kwenye kisima. Darasa kimya. Mmoja anasema ng'ombe ni shetani, mwingine anasema ng'ombe ni mali, mwingine anauliza hivi ng'ombe anapiga mtu pembe kwani? Hapo nikajua zamu yangu imefika. Nikawaeleza kwetu kiangazi maji ni ya kuchimba kwenye mchanga wa korongo. Unachimba kwa kibuyu na mikono mpaka uingie kiunoni, alafu unasubiri maji yajikusanye taratibu, kikombe, kikombe, dumu moja unaweza kukaa asubuhi nzima. Na pale juu pembeni lazima uzungushie miiba. Usipoweka miiba, ng'ombe ambao hawajanywa siku mbili wakisikia harufu ya maji hawana mchungaji tena, hawamjui mtu, wanakuja na uzito wao wote na wewe uko ndani ya shimo umeinama. Kaka yangu ana kovu mpaka leo hapa chini ya ubavu. Kisima kisicho na kingo nilikijua kwa mwili, nikiwa na miaka tisa nilikuwa nachota huku sikio moja liko juu linasikiliza kwato.

Sijawahi kuusoma tena ubeti ule bila shingo kukaza. Hicho ndo kitu shairi linaweza kukufanyia na huwezi kukiandika kwenye jedwali, utaandika nini, "maana: shingo kukaza"?

Ningeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini mimi nikaendelea. Nikasema, na kwaiyo yule ng'ombe sio mbaya, ng'ombe nae ana kiu, mshairi anatuambia kwamba hata anayekuzuia duniani ni mwenye kiu kama wewe. Darasa likapiga makofi kidogo. Mwalimu wa kozi, mzee wa watu wa pwani, alisubiri makofi yaishe akasema polepole, "Dada, kisima chako ni kizuri sana na nimekiona. Lakini ng'ombe wako ndo ana kiu. Wa mshairi anazuia tu. Usimpe maji mshairi hajampa."

Niliandika pembeni ya kitini: usimpe maji. Nikapigia mstari. Na nikasahau, kwasababu makofi nayo yana ladha yake.

Nikaajiriwa. Kilwa. Mtoto wa mbuyu na korongo nimepelekwa kufundisha Kiswahili mita mia nne kutoka kwenye maji ya chumvi. Miezi ya kwanza nilikuwa silali, nilidhani ile sauti ya usiku ni lori linalopanda mlima na halifiki. Na unajua nilifundisha vipi? Nilichora jedwali. Kushoto taswira, kulia maana. Watoto ni themanini darasani, mtihani uko palepale, utafanyaje. Tofauti yangu ni kwamba baada ya jedwali niliongeza hadithi ya mbuyu wa bibi, nikaona mimi ni mwalimu wa kisasa. Watoto wa Kilwa walinisikiliza kwa adabu. Sasa hivi nikikumbuka zile sura, naona kuna kitu walikuwa wanataka kusema na hawakusema, kwa jinsi nilivyokuwa nimeshajibu kila kitu mwenyewe.

Nyuma ya nyumba niliyopanga kuna mbuyu. Mbele kuna minazi kama kumi na kitu ya mwenye nyumba, na anayeipanda ni mzee mmoja mkwezi, miguu imepinda kwa kazi, anaita kila mtu wa serikali "bwana mkubwa" kasoro mimi ananiita bi mwalimu. Huyu mzee ndo kanifundisha nazi. Mimi nilijua nazi ni ile ya sokoni tu, kumbe ina maisha marefu, kuna kidaka, kuna kitale, kuna dafu, kuna koroma, ndipo ije kuwa nazi, na akikuona unanunua koroma ukidhani dafu anasikitika kama umefiwa. Siku moja naangalia anavyopanda, anakanyaga kwenye vile vikato vilivyochongwa kwenye shina, nikamuuliza vinaitwaje. "Vidato," anasema. Nikacheka mwenyewe mpaka akaniangalia. Nimesoma vidato sita, nimefundisha vidato miaka na miaka, sijawahi kujua kidato ni kitu cha kukanyagia kwenye mnazi.

Sasa mwezi wa tano 2024 kikaja Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa walishatangaza siku kadhaa kabla, redio inasema, simu zinasema, mashua zikavutwa juu, boti za Zanzibar zikasimamishwa. Nilinunua mishumaa na unga nikajifungia. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 4 upepo ulianza kama utani, ukapiga bati, ukanyamaza, ukarudi, na kila ukirudi umekuja na ndugu yake. Umeme ukakata. Mvua haikuwa inanyesha kutoka juu, ilikuwa inatoka pembeni, inapita chini ya mlango. Nitakiri kitu cha aibu: nikiwa nimejikunja chini ya neti, woga wote ule, kuna sehemu ndogo ya kichwa changu ilikuwa inafurahi. Ilikuwa inasema leo utaona kwa macho yako. Mibuyu itang'oka minazi itainama. Na nilikuwa nausikilizia ule mbuyu wa nyuma nasubiri kile kishindo kidogo.

Kumepambazuka natoka, maji yako kwenye vifundo vya miguu, makuti kila mahali, Hidaya bado anapiga piga. Mbuyu umesimama. Umepoteza majani na tawi moja, basi, umekaa pale mnene kama mtu aliyegoma kutoka kwenye ofisi. Mbele minazi miwili imelala chini, mmoja umeng'oka na kisahani cha mizizi juu, mwingine umekatika katikati, palepale kwenye kidato.

Sikuamini. Ni kama mtu kaligeuza shairi chini juu akaniwekea mlangoni.

Siku zilizofuata zilikuwa za mambo mengine, barabara ya kwenda Dar ilikatika kule Somanga, magari yamekwama, watu wamefurikwa, hakuna aliyekuwa na muda wa mashairi na mimi pia sikuwa nao. Ni baada ya kama wiki mbili hivi mzee mkwezi alikuja kukata ile minazi, nikampelekea chai. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, pole na hali, tumeshapoa. Nikamuuliza mbona minazi ndo imeanguka, mi nilidhani mnazi unainama upepo unapita.

"Unainama ndio," akasema, "lakini tazama bi mwalimu." Akanyanyua ile mizizi. Nyuzi tupu, nene kama penseli, nyingi, hakuna hata mmoja wa kwenda chini sana. "Kichwa kizito kiko mbinguni, shina jembamba, mizizi hii. Na hapa," akagonga kwenye kidato kilichokatikia, "tunachonga sisi wenyewe, maji yanaingia, panaoza. Upepo wa kweli ukija wa kwanza kwenda ni mnazi. Baba yangu alinihadithia cha Lindi cha 1952, hadithi yake yote ilikuwa minazi tu. Mbuyu uende na nini? Mfupi, mnene, umekaa."

Nikamwambia kuna mtu wa Tumbatu ameandika kimbunga kilichong'oa mibuyu minazi ikabaki. Nikamsomea kwenye simu. Alikuwa ameshika panga. Nilivyofika kwenye minazi kunusurika akatoa kicheko kifupi, kile cha mtu aliyesikia uongo mzuri, alafu kikakatika njiani. Akakaa kimya. Nikasoma chura, nikasoma usufi. Akasema, "Huo si upepo, bi mwalimu. Hicho ni kitu chengine." Na akarudi kukata mti wake, ila hakuniangalia tena mpaka chai ikaisha.

Nilikaa usiku ule na kitabu. Miaka kumi na tano nalijua shairi lile kwa kichwa na ndo kwanza nalisoma. Mshairi ni mtu wa kisiwani, amekua kati ya minazi, baharini, mibuyu nayo Tumbatu na Unguja imejaa. Alijua vizuri kuliko mimi na mwalimu wangu kipi kinatangulia kuanguka. Hakusema mibuyu iling'oka kwasababu ndivyo mibuyu ilivyo. Alisema hivo kwasababu sivyo ilivyo! Ni dunia imepinduka. Ndo maana chura anafuata palepale, chura hakaushi mto. Ndo maana usufi unafuata, usufi hauvunji rikwama. Mistari yote ni ya aina moja na mimi nilikuwa nimeikata vipande, huu mmoja wa mibuyu nikaupa maelezo ya kilimo, ile mingine nikaiacha iwe "mafumbo".

Na kile kiitikio, nyoyo kufadhaika. Nilikuwa nakiruka kama watu wanavyoruka kiitikio. Lakini hebu fikiria, kama mbuyu uling'oka kwakuwa umeoza, nani afadhaike? Si ungeangalia tu ukasema kumbe ulikuwa umeoza, ukaenda kupanda maboga. Kama mnazi umebaki kwakuwa unainama, nani afadhaike? Mwalimu wangu na mimi tulikuwa tunabishana miaka yote ile, yeye na jedwali mimi na bibi yangu, kumbe tunafanya kazi moja, tunawatuliza watu wa Siyu. Tunawaambia msihofu, kuna sababu. Mshairi kahangaika kuwafadhaisha, sisi tunapita nyuma yake na kopo la maji tunazima.

Kuhusu mapinduzi sina ugomvi, wengi wanalisoma shairi lile na kuona Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na pengine sasa naliona zaidi kuliko zamani. Ukiwa na mjomba aliyekuwepo Unguja usiku wa Januari mwaka ule na ukawahi kumsikia akianza kusimulia akaishia katikati, utajua hakuwa anatafuta neno "watawala" wala "wanyonge". Alikuwa anatafuta namna ya kusema mto ulikauka na aliyeukausha alikuwa mdogo kiasi hiki.

Na mbuyu wa bibi? Iliniuma kuutoa humo, nisidanganye. Nimejaribu kuurudisha kwa mlango wa nyuma mara kadhaa, nikasema labda mibuyu ya Siyu nayo ilikuwa imeoza, labda, labda. Kila nikifika hapo namsikia yule mzee wa chuo, usimpe maji mshairi hajampa. Mbuyu ule ni wangu, na kama unataka shairi basi ni mimi nitakayeliandika, sio kuudumbukiza kwenye la mwenzangu. Kisima kilikuwa tofauti, kile kovu la kaka na shingo yangu vilinisogeza pale mshairi alipotaka nisimame, kwenye hofu, kosa lilikuja nilipotoka kwenye hofu nikaanza kuhubiri. Ndo ninavyolitofautisha sasa, kwa kubahatisha, kila shairi upya, na bado nakosea.

Mwaka jana nikarudi kulifundisha Kimbunga, kidato cha tano. Sikuchora jedwali. Niliogopa sana, mkuu wa idara akipita ataona ubao mweupe. Nikawauliza tu, haya nyie mlikuwepo Hidaya, kilianguka nini. Wakacharuka. Minazi madam, mikorosho madam, bati la msikiti, kibanda cha chipsi. Mbuyu? Hapana madam. Nikasoma ubeti wa kwanza. Kikatoka kile kicheko, kilekile cha mzee, na kikakatika palepale. Nikanyamaza, kazi ngumu kuliko zote kwa mwalimu, nikanyamaza dakika nzima.

Alafu tukafika kwenye usufi na hapo tabia ikanirudia. Nikaona wanatatizika, nikataka kusaidia, nikasema labda usufi ulikuwa umelowa mvua ya kimbunga, ukawa mzito, rikwama likashindwa. Nilivyolitoa tu nikaliona zuri, hata nikageuka kulitafutia chaki.

Binti mmoja wa nyuma, ambae siku zote hasemi, mama yake anashona mito na kuuza, akasema, "Madam, usufi haulowi."

"Haulowi vipi?"

"Haunywi maji. Ukiutia kwenye ndoo unaelea tu, unakaa juu. Sisi tunaujua."

Darasa likanigeukia. Mvulana wa mbele, huyu anataka kila kitu kiwe na jibu maana anajiandaa kuwa wakili, akauliza, "Sasa madam, rikwama limevunjikaje?"

Nikaiweka chaki mezani. Nikamwambia sijui. Akaniangalia kama nimemuibia. Kengele ikagongwa, wakatoka wanabishana, nawasikia mpaka kule kwenye bomba, mmoja anasema haiwezekani, mwingine anasema ndo hapo sasa.